Siti za vinili za Peugeot 404: zinanata, zinakauka, mshono unaachia

Swali: Nina Peugeot 404 ya mwaka 1967 niliyorithi kwa baba mkubwa. Siti zake ni vinili nyekundu ya kiwandani, hazijawahi kubadilishwa. Gari linakaa nje, Mikocheni, chini ya mwembe unaolitia kivuli nusu siku. Kila Jumamosi vijana wanaonioshea gari hupaka siti dawa ya kung'arisha. Zinameremeta, lakini zinanata na vumbi linaganda. Sehemu ya juu ya egemeo la nyuma imekuwa ngumu, na mshono mmoja wa siti ya dereva umeachia kama sentimita 12. Wapo wanaosema nipake mafuta ya nazi, wengine wanasema nizifunike kwa nailoni. Nataka zibaki hizi hizi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, Jumamosi hii waambie vijana waoshe gari kwa nje, ndani wasiguse. Hicho wanachopaka ndicho kinachonata, na huenda kinaharakisha ule ukavu wa siti ya nyuma. Nazi usipake. Nailoni usifunike. Siti zako nyingi zinaokoleka, isipokuwa pengine kile kipande cha juu ya egemeo la nyuma, ambacho nitakueleza jinsi ya kukipima kabla hujakikatia tamaa.

Vinili si ngozi, na makosa karibu yote yanatokana na kuitunza kama ngozi. Ngozi ina nyuzi, mafuta huzama ndani yake. Vinili ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki ya PVC, na juu ya plastiki hiyo kuna koti jembamba la laki linaloipa rangi na mguso wake. PVC kwa asili ni ngumu. Ndiyo hiyo ya mabomba ya maji. Ili ikunjike na kukaliwa, kiwandani huchanganywa na kilainishi, aina ya mafuta mazito yanayokaa katikati ya plastiki na kuiruhusu iteleze. Kwenye vinili ya siti, kilainishi huweza kufika theluthi nzima ya uzito wa plastiki.

Shida ni kwamba kilainishi hakikufungwa humo, kimeshikiliwa tu. Miaka yote kinatoka kidogo kidogo: kinapaa kwa joto, kinanyonywa na vitu vinavyogusana nacho, kinayeyushwa na petroli, thina na mafuta ya taa. Kikiisha, plastiki inarudi kuwa bomba: ngumu, iliyosinyaa, inayopasuka ukiikunja. Na hakuna dawa ya kupaka inayokirudisha ndani, hata chupa iandikwe nini. Kazi yako ni kuzuia kilichobaki kisitoke.

Ukitaka kukiona kwa macho, chukua kitambaa cheupe kikavu, futa kioo cha mbele kwa ndani, pale chini karibu na dashibodi. Utapata utando wa mafuta unaotia kioo ukungu hasa usiku taa za magari mengine zikikupiga. Sehemu kubwa ya utando huo ni kilainishi kilichopaa mchana kutoka kwenye dashibodi, milango na siti, kikatua kwenye kioo. Unachofuta ni ulaini wa siti zako.

Kisha nyanyua kikalio cha siti ya nyuma na uangalie chini, pale vinili ilipokunjwa kuzunguka fremu. Hapo jua halijafika tangu gari litoke kiwandani. Utakuta nyekundu iliyoiva, yenye vinyweleo vya muundo (vile vijishimo vya kuiga ngozi) vinavyoonekana vizuri, na ukiibana kwa vidole viwili inakunjika na kurudi bila alama. Hicho ndicho kipimo chako. Sasa nenda juu ya egemeo, bana vivyo hivyo. Ikikunjika kwa ugumu lakini ikarudi, ina maisha bado. Ikibaki na mstari mweupe, iko ukingoni. Ikitoa sauti kama karatasi kavu na ufa ukaonekana, basi pale kilainishi kimekwisha na hutakirudisha. Fanya hivyo taratibu na kwenye pembe tu, usije ukaivunja kwa kuipima.

Kuhusu ile dawa ya kung'arisha: nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo ni mafuta ya silikoni, na baadhi yake yameyeyushwa kwenye kiyeyushi cha jamii ya petroli. Silikoni yenyewe hailishi vinili. Inakaa juu, inashika vumbi na jasho, na kila Jumamosi tabaka jipya linapakwa juu ya uchafu wa wiki iliyopita. Kile kiyeyushi ndicho kibaya zaidi: kinapenya, kinachanganyika na kilainishi, na kikipaa kinaondoka nacho. Ndiyo maana siti huwa laini siku mbili za kwanza halafu inarudi kuwa ngumu kuliko mwanzo, na mtu hupaka tena akidhani imekosa dawa. Mafuta ya taa na dizeli, ambavyo baadhi ya watu hupaka dashibodi ili ing'ae, hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Mafuta ya nazi huchacha, hunata, na wakati wa masika huwa chakula cha kuvu. Rangi ya viatu ina nta na kiyeyushi, na itahamia kwenye nguo ya kila anayeketi.

Sasa tuisafishe. Tafuta ndoo mbili, mswaki laini kabisa au brashi ya nywele laini, na vitambaa vya mikrofaiba kama sita. Ndoo ya kwanza weka lita mbili za maji ya uvuguvugu na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, yaani mililita 5 kwa kila lita. Isizidi hapo, sabuni nyingi haisafishi zaidi, inabaki kwenye mishono. Sabuni ya unga usitumie, ina magadi yanayokwaruza koti la juu na kuacha unga mweupe. Jiki usilete karibu: klorini hula uzi wa mshono kabla hujaona dalili yoyote juu ya vinili. Na ile sponji nyeupe ngumu inayofuta madoa ukutani ni msasa, hata ikiwa laini mkononi. Itaondoa doa pamoja na koti.

Fanya kazi kivulini, siti zikiwa zimepoa. Chovya brashi, ikung'ute mpaka isichuruzike, sugua kwa kuzungusha eneo la sentimita 30 kwa 30 tu. Povu litaanza jeupe, kisha ligeuke rangi ya chai. Lifute mara moja kabla halijakauka, kwa kitambaa kilichochovywa kwenye ndoo ya pili ya maji matupu na kukamuliwa sana, kisha kausha kwa kitambaa kikavu. Halafu sogea. Ukiosha siti nzima kwa mpigo, uchafu ulioamka utakauka tena ndani ya vinyweleo vya muundo, na utakuwa umeuhamisha tu. Kwenye mishono punguza maji zaidi: kila tundu la sindano ni mlango, na chini yake kuna kitambaa cha pamba, sponji na springi. Maji yakiingia huko, na hewa hii ya chumvi ya Mikocheni, springi zitashika kutu na kutu hiyo itapanda juu kama doa la kahawia lisilotoka.

Kwa siti zilizopakwa silikoni miezi mingi, raundi moja haitoshi. Osha, acha siku mbili, osha tena. Baada ya raundi ya tatu dondosha tone la maji. Likikaa kama ushanga na ukipitisha kidole bado pana utelezi, kuna silikoni. Hapo nunua famasi alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ichanganye na maji safi nusu kwa nusu, lowesha kitambaa (usiloweshe siti), pitisha mara moja ukielekea upande mmoja, na fuatisha papo hapo kwa kitambaa cha maji. Jaribu kwanza pale chini ya kikalio. Kitambaa kikitoka chekundu, acha kabisa. Alkoholi nayo inagusa kilainishi, kwa hiyo ni kazi ya mara moja, si ya kila mwezi. Ile spiriti yenye rangi ya dukani usitumie, rangi yake huingia kwenye vinili.

Kuna unataji wa aina nyingine ambao lazima uutofautishe. Ikiwa umeosha vizuri, hujapaka kitu, na baada ya wiki mbili unato umerudi hasa sehemu zenye joto, basi si silikoni tena. Ni kilainishi chenyewe kinachotoka juu kwa sababu plastiki imezeeka na haikishiki. Hapo huna dawa zaidi ya kufuta kwa maji ya sabuni kila kinapotokea na kuliondoa gari kwenye joto. Watu wengi hupaka poda. Poda hukinyonya kilainishi haraka zaidi.

Cha kupaka baada ya usafi, chagua kinga ambayo msingi wake ni maji na yenye kizuia miale ya jua. Zenye msingi wa maji mara nyingi ni nyeupe kama maziwa, na zile za mafuta ni angavu na nzito, ingawa rangi peke yake isikutoshe. Weka tone moja kwenye kipande cha kioo, liache kivulini saa 24. Likikauka na kuacha utando mwepesi usioteleza, endelea. Likibaki bichi na la mafuta, rudisha chupa. Kwa siti zote za 404 na milango yake, mililita 60 hadi 80 zinatosha. Nyunyiza kwenye kitambaa, paka tabaka jembamba, subiri dakika tano, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usihisi kitu. Siti iliyopakwa vizuri haing'ai. Inarudia ule mwonekano mfu kidogo wa vinili ya miaka ya sitini, na kwa jicho langu ndio uzuri wake. Kwa jua la hapa rudia kila wiki tano au sita. Usukani, pedali na kishikio cha gia usipake.

Hata hivyo, kinga hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kivuli, na hapa ndipo ningeweka pesa kwanza. Gari lililofungwa juani hupandisha hewa ya ndani hadi karibu nyuzi 60 au zaidi, na vitu vyeusi vilivyo chini ya kioo hupita hapo. Kila saa ya joto hilo ni kilainishi kinachopaa. Miale nayo huvunja plastiki yenyewe. Vioo vya kisasa vya mbele vina tabaka la plastiki katikati linalozuia karibu miale yote hatari, lakini vioo vya pembeni na vya nyuma, pamoja na vioo vingi vya mbele vya zamani vya aina inayovunjika punje punje, hupitisha sehemu kubwa ya miale mirefu inayofifisha rangi. Ndiyo sababu egemeo lako la nyuma limetangulia: liko chini ya kioo cha nyuma, kimo kimoja na rafu, linapikwa.

Angalia unavyoegesha. Dar iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya tarehe hizo, yaani Machi hadi Oktoba, adhuhuri jua liko upande wa kaskazini, na mwezi Juni limeinamia huko kwa nyuzi kama 30. Kwa hiyo miezi hiyo egesha kioo cha nyuma kikiangalia kusini, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari ligeuze, kioo cha nyuma kiangalie kaskazini. Jambo hilo halikugharimu senti, na linaliondolea egemeo la nyuma jua kali la saa sita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kioo cha mbele kizibe kwa ndani kwa boksi lililobandikwa karatasi ya alumini, upande unaong'aa ukitazama nje, likatwe libane kioo bila nafasi. Mwanga ulioingia ndani umeshakuwa joto. Urudishe ungali kwenye kioo.

Mwembe wako una kivuli kizuri lakini una utomvu, na msimu wa maembe una popo. Ukiweza, jenga banda la kuegesha. Makuti hupoza kuliko bati na hupumua, ila hudondosha vumbi na huhitaji kuezekwa upya. Bati likiwa ndilo unaloweza, lipake rangi nyeupe juu na uache nafasi ya hewa ipite pande zote. Gari likiwa chini ya kivuli cha uhakika, teremsha vioo kwa upana wa kidole ili hewa ya moto itoke.

Sasa nailoni. Nailoni juu ya siti hushikilia jasho na unyevu, na kwa hali ya hewa yetu chini yake patakuwa bustani ya kuvu ndani ya wiki chache za masika. Kava zenye mpira kwa chini ni mbaya kupita nailoni: kemikali za mpira huhamia kwenye vinili na kuacha doa la njano au kahawia ambalo hakuna sabuni inayolitoa, kwa sababu limo ndani ya plastiki. Ukitaka kufunika, nunua kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Kifue mara mbili kwanza kitoke wanga, kikaushe, kitandike siti wazi wazi bila kukifunga, na kifuliwe kila wiki mbili. Kanga mpya au jinzi mpya zisikae juu ya vinili kwa muda mrefu, hasa ikiwa na joto; rangi yake inahama, na kwenye vinili ya rangi hafifu inaonekana siku hiyo hiyo. Nyekundu yako itaficha mengi, si yote.

Dawa ya kupaka ya mbu nayo uiangalie. Nyingi zina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, na DEET huyeyusha koti la juu la vinili. Mtu akijipaka mikononi na kuweka mkono kwenye kiwiko cha mlango, baada ya dakika chache pana alama za vidole zisizofutika. Mafuta ya nywele na ya mwili hufanya kazi polepole zaidi, lakini ndiyo sababu kuu ya ugumu kwenye vichwa vya maegemeo na viwiko vya milango hata kwa gari lililokaa kivulini. Kitambaa cha maji kilichokamuliwa kipite sehemu hizo kila wiki. Ni dakika tatu.

Kuvu ikitokea, usiisugue ikiwa kavu, utaipulizia vijidudu vyake gari zima. Futa kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi, kisha maji ya sabuni, kisha kausha milango ikiwa wazi kivulini kwa saa moja au mbili, ikiwezekana feni ikivuma ndani. Doa la waridi lililotawanyika lisilo na ukingo ni jambo jingine: hutokana na vijidudu walio chini, kwenye kitambaa na sponji, ambao rangi yao huyeyuka ndani ya kilainishi na kupanda juu. Hilo haliondoki kwa kuosha. Linakuambia kuwa chini kuna maji, kwa hiyo tafuta yanapoingia, mara nyingi ni mpira wa kioo au wa mlango.

Tuje kwenye mshono, ambao usiucheleweshe. Mshono huachia kwa sababu mbili, na tiba ni tofauti. Tazama kingo kwa tochi. Ikiwa matundu ya sindano ni mazima, ya duara, na uzi ndio uliokatika, umebahatika: uzi umeoza na vinili ni nzima. Ikiwa matundu yameungana kuwa ufa, kama karatasi ya daftari iliyochanwa kwenye vitobo, basi vinili imesinyaa na kujivuta yenyewe. Vyovyote vile, kabla ya kushona ingiza mkono chini ya siti ya dereva, sukuma springi na gunia lililo juu yake. Springi ikiwa imekatika au gunia limechanika, uzito wote wa dereva unabebwa na vinili, na utakachoshona kitaachia tena. Rekebisha chini kwanza.

Kwa sentimita 12 zenye matundu mazima hakuna haja ya kuvua kava. Pasha moto eneo kwa drai ya nywele ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi vinili iwe vuguvugu kwa mgongo wa mkono, si zaidi. Ingiza ndani utepe wa turubai jepesi la pamba wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa 18, uwe mgongo wa mshono. Tumia sindano iliyopinda kama mwezi mchanga na uzi mnene wa poliesta, si wa pamba unaooza wala wa nailoni unaochoka haraka juani. Kata kama sentimita 90. Anza sentimita 3 kabla ya pale ulipoachia na umalize sentimita 3 baada yake, ukipita kwenye matundu yale yale ya zamani, upande huu na upande ule kama ngazi. Usikaze kila unapochoma. Pitisha tatu nne, kisha vuta zote pamoja polepole mpaka kingo zikutane. Usitoboe tundu jipya hata moja; kila tundu jipya ni hatua moja kuelekea kuchanika.

Ikiwa matundu yamechanika, peleka kwa fundi wa siti, lakini nenda na masharti yako. Kava livuliwe likiwa na joto, mchana, kamwe si asubuhi ya baridi ya Julai. Sindano iwe ya ncha ya duara, namba 110 au karibu na hapo. Ile ya kushonea ngozi ina makali yanayokata vinili. Hatua ya mshono iwe milimita 4 hadi 5. Mafundi wengi huona heshima kushona hatua fupi, na kwa nguo ni kweli, ila kwenye vinili kuukuu hatua fupi ni msumeno. Gundi ya papo hapo isiguse siti: inakauka kama kioo, na ufa unaofuata hutokea ukingoni mwake. Gundi ya kawaida ya viatu nayo hulainika kadiri kilainishi kinavyoingia ndani yake, na baada ya miezi inaachia na kuwa ute. Iulizwe gundi ya vinili inayokunjika.

Na lile egemeo la nyuma. Likiwa limefika hatua ya karatasi, badilisha kipande hicho cha juu tu. Usikubali kushawishiwa kubadilisha seti nzima ili "zifanane". Peugeot 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mbili za katikati ziliendeshwa na Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania. Gari lako ni la mwaka mmoja na ushindi wa pili wa Shankland. Siti za asili za gari la namna hiyo, hata zikiwa na kiraka cha heshima, zina thamani ambayo kava jipya halina.

Ukienda Kariakoo kutafuta kipande, uwe mwangalifu. Mengi yanayoitwa leza kwenye maduka ya vitambaa vya sofa ni poliurethani, na aina nyingi za bei nafuu za poliurethani huvunjwa na unyevu. Ndizo zile sofa zinazobanduka magamba baada ya miaka michache. Omba kipande cha ukubwa wa stempu. Nyumbani, nje penye upepo, pasha waya mtupu wa shaba kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, gusisha waya kwenye kipande hicho uchukue chembe ndogo ya plastiki, kisha urudishe waya motoni. Moto ukiwa wa kijani, kuna klorini, na hiyo ni PVC. Usiuvute moshi wake. Ukitaka uhakika, fanya hivyo hivyo kwa chembe ya vinili yako ya zamani uone kijani kinavyotakiwa kuwa.

Unene uwe karibu milimita 1 hadi 1.2, mgongo wake uwe wa kitambaa kilichofumwa kinachovutika kidogo pande zote. Beba pindo ulilolikata chini ya kikalio, si lile la juu lililofifia, ulinganishe rangi na vinyweleo nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana. Halafu kumbuka kuwa siti nyingine zimefifia: pindo litafanana na siti za mwaka 1967, na wewe unahitaji nyekundu iliyopungua kidogo. Roli nyingi zina upana wa karibu mita 1.4. Mita moja na nusu inatosha kipande hicho na makosa ya fundi. Chukua mbili kutoka roli hiyo hiyo, maana roli inayofuata haitakuwa na nyekundu ile ile. Kipande kinachobaki usikikunje. Kizungushe kwenye bomba la boksi, uso ukiwa nje, kifunge kwa marekani, na kihifadhi ndani ya nyumba, mbali na dirisha. Kava la zamani fundi asilitupe. Alifumue mshono kwa mshono alitumie kama kiolezo, na akimaliza akurudishie.